Bei za Punguzo na "Cheti cha Mvua": Tusome Vibandiko vya Madukani Barking



Sisi tunaokula kwa kuchambua maneno, hebu leo tuchambue na maneno ya dukani, maana hayo ndiyo yanayotula sisi. Hapa Barking, ukitoka stesheni ukaifuata East Street kuelekea kwenye mabaki ya ile Abasia iliyofungwa mwaka 1539, vibandiko vyekundu na vya njano vinakuita kushoto na kulia. Swali langu ni moja tu: katika maneno yale, lipi linamfunga mwenye duka na lipi halimfungi? Kwa mtu mwenye pauni 20 za kumfikisha Ijumaa, hilo si swali la darasani.

Aliyeniuliza ni mama mmoja jirani yangu. Aliona tangazo la blanketi kwa pauni 12, akapanda basi, akakuta rafu tupu. Binti yake yuko Minnesota, akamwambia kwa simu, "Mama usitoke hapo, dai rain check!" Mama akadai. Muuzaji akabaki kumtumbulia macho. Bi mkubwa karudi amefura, anauliza haki yake imepotelea wapi.

Tumweleze hivi. Neno hilo, ambalo nitaliita cheti cha mvua, lilizaliwa kwenye viwanja vya besiboli vya Marekani katika karne ya 19. Mvua ikivunja mchezo, mtazamaji anapewa kipande cha tiketi cha kumwingiza siku nyingine. Maduka nayo yakalichukua: bidhaa ya punguzo ikiisha, unaandikiwa karatasi ya kukuwezesha kuinunua baadaye kwa bei ileile. Mwaka 1971 Tume ya Biashara ya Shirikisho kule Marekani iliyatungia maduka ya vyakula kanuni kuhusu bidhaa zilizotangazwa zisipatikane, na marekebisho ya 1989 yakakitambua cheti cha mvua kuwa mojawapo ya njia za duka kujinasua. Kwa hiyo binti hakumdanganya mama yake. Alimpa tu ushauri wa nchi nyingine.

Uingereza hakuna sheria inayolilazimisha duka kukupa cheti hicho. Sababu yake ni kesi mbili za zamani. Mwaka 1953, katika kesi iliyohusu duka la Boots, mahakama ilisema bidhaa iliyo rafuni ni mwaliko tu. Mnunuzi ndiye anayetoa ombi anapoifikisha kwa keshia, na keshia ana hiari ya kukubali au kukataa. Mwaka 1960, katika kesi ya Fisher na Bell kuhusu kisu kilichowekwa dirishani mwa duka huko Bristol, majaji wakasema vivyo hivyo. Kwetu jambo hili si geni. Mchuuzi wa Kariakoo akikuita, "Karibu shangazi, elfu kumi!" hajakuuzia kitu bado. Kibandiko cha Barking nacho ni "karibu" iliyoandikwa kwa wino.

Ila msidhani duka lina ruhusa ya kudanganya. Kanuni za 2008 zilipiga marufuku kutangaza bei ya chambo, yaani duka kuita watu huku likijua halina mzigo wa kutosha na lisiseme. Sheria mpya ya 2024 imechukua nafasi yake tangu Aprili 6, 2025, na mamlaka ya ushindani inaweza kulitoza kampuni faini hadi asilimia 10 ya mapato yake ya dunia nzima. Kwa hiyo rafu tupu peke yake si kosa. Kosa ni chambo.

Sasa tuje kwenye vibandiko vyenyewe.

"Up to 50% off": neno zito hapo ni "hadi". Nusu bei ndiyo dari, na koti ulilolishika wewe huenda limepunguzwa asilimia 10 tu. Soma kibandiko cha bidhaa, achana na bango la dirishani.

"Was / now": ilikuwa na sasa. Zamani mwongozo ulitaka bei ya juu iwe imetozwa siku 28 mfululizo. Tangu 2016 kipimo ni kama ulinganisho ni wa kweli na wa haki. Jiulize: ilikuwa lini, na wapi?

"RRP": bei anayoipendekeza mtengenezaji. Huenda hakuna aliyewahi kuilipa.

"3 for 2": kinachotoka bure ni kile cha bei ndogo kuliko vyote.

"While stocks last": mpaka mzigo uishe. Ukiona maneno haya, usingoje kesho.

Halafu tazama yale maandishi madogo ya bei kwa kilo. Tuseme pakiti mbili za mchele za kilo moja moja zinauzwa pauni 4 kwa "ofa", na mfuko wa kilo tano usio na ofa ni pauni 9. Ofa ni pauni 2 kwa kilo. Mfuko uliokaa kimya ni pauni 1 na senti 80. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza!

Je, mama yangu afanye nini? Amwone meneja, amwulize kwa upole kama mzigo mwingine unakuja na kama atawekewa kwa bei ile. Akikubaliwa, aombe iandikwe, pamoja na jina na tarehe. Hiyo ni hisani, si haki, lakini maduka mengi hayapendi kuvunja ahadi yenye maandishi. Akilipa amana akapewa risiti, hapo ana mkataba.

Jambo la mwisho, na hili ni haki kamili: bango la "hakuna kurudisha bidhaa za punguzo" halifuti Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015. Kitu kikiwa kibovu, na ubovu huo hukuonyeshwa kabla, una siku 30 za kukirudisha na kudai fedha zako zote, hata kama ulikinunua nusu bei. Ukibadili mawazo tu, dukani huna haki hiyo. Kwa ununuzi wa mtandaoni, kwa bidhaa nyingi una siku 14. Duka likigoma, Citizens Advice wanashauri bure.

Tunzeni risiti, jamani. Mali bila daftari hupotea bila habari.