Fedha za Wafadhili na Miguu ya Wanafunzi

Kwa miaka mingi dunia iliaminishwa kwamba mwanafunzi achezaye kwa ajili ya chuo chake hapaswi kulipwa. Aliambiwa kuwa ujira wake ni elimu, na kwamba heshima ya jezi yatosha. Imani hiyo sasa imezikwa. Tarehe 6 Juni 2025, mahakama moja nchini Marekani iliidhinisha mapatano yanayoviruhusu vyuo vikuu vya nchi hiyo kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, kila chuo hadi kiasi cha dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza.

Mwananchi wa Ngorongo, au wa visiwa vya Kiongoroni na Maparoni, aweza kuuliza: habari hiyo yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana. Vijana wa Afrika ya Mashariki wamekuwa wakikimbia na kucheza kwa ajili ya vyuo hivyo tangu miaka ya sabini. Zaidi ya hayo, fedha ya namna ile ile, ingawa ni kidogo, imekwisha kubisha hodi katika shule zetu. Yafaa basi tutazame ilivyowafanya wenzetu, ili itakapoingia tuwe tumejua pa kuikalisha.

Tuanze na historia. Mwishoni mwa miaka ya sabini na mwanzoni mwa miaka ya themanini, Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso kiliwachukua wakimbiaji wa Kitanzania na kujipatia sifa kubwa kwa miguu yao. Miongoni mwao alikuwa Suleiman Nyambui, aliyetwaa nishani ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Alikuwamo pia Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni wa Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton mwaka 1978 na bingwa wa mita 10,000 huko Brisbane mwaka 1982. Vijana hao walipata masomo, walimu wa riadha na viwanja ambavyo kwao havikuwapo. Chuo nacho kilipata vikombe. Hesabu hiyo ilionekana kuwa sawa, na hapana aliyeihoji.

Lakini tumtazame ndugu yetu wa Kenya, Henry Rono. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81: mita 10,000, mita 5,000, mita 3,000, na mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Dunia nzima ilimtaja. Hata hivyo, siku hizo riadha ilikuwa ni michezo ya ridhaa, na mkimbiaji hakuruhusiwa kujipatia mapato ya wazi kwa mbio zake. Ni mwaka 1982 tu ndipo shirikisho la riadha la dunia lilipoanza kuruhusu fedha za wakimbiaji ziwekwe katika mifuko ya amana. Rono aliishi miaka mingi Marekani katika dhiki, akifanya vibarua, na akafariki dunia Februari 2024. Rekodi zilikuwa zake. Akiba hakuwa nayo.

Wa karibu zaidi ni Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam. Kijana huyu mrefu alicheza mpira wa kikapu katika Chuo Kikuu cha Connecticut kuanzia mwaka 2006 hadi 2009. Katika msimu wake wa mwisho timu yake ilifika nusu fainali ya taifa. Katika miaka hiyo tiketi ziliuzwa, televisheni zilionyesha, jezi zilinunuliwa na makocha walilipwa mamilioni. Kanuni za chama cha michezo ya vyuo, NCAA, zilimruhusu mchezaji kupata masomo, chakula na malazi. Hazikumruhusu kuuza hata jina lake mwenyewe. Thabeet alianza kuuona mshahara wa mpira baada ya Juni 2009, alipochaguliwa wa pili na timu ya Memphis na kuwa Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi ya NBA.

Ni dhahiri kwamba utaratibu ule haukuwa wa haki. Huwezi kumwambia mtu kuwa yeye si mfanyakazi, kisha ukajenga soko zima juu ya jasho lake. Wanamichezo wenyewe walikwenda mahakamani. Juni 2021 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu dhidi ya NCAA kwa kauli moja ya majaji wote tisa, na kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo wanafunzi wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Hayo ya Juni 2025 yamekwenda mbali zaidi: pamoja na ruhusa ya kulipa, wanamichezo wa zamani walikubaliwa fidia ya takriban dola bilioni 2.8, itakayotolewa kwa muda wa miaka kumi. Kwa upande huu, haki imesogea mbele, nasi twapaswa kuipongeza.

Tatizo limeanzia kwa mfadhili. Kanuni zilipolegezwa, matajiri wanaopenda timu za vyuo waliunda vikundi vya kuchanga fedha. Kwa jina fedha hizo ni malipo ya matangazo. Kwa kweli mara nyingi ni bei ya kumnunua mchezaji. Mwanafunzi huweza kuhama chuo mwaka hadi mwaka akiifuata fedha, na kocha huamka akikuta nusu ya timu imeondoka. Sehemu kubwa ya fedha huenda kwenye kandanda ya Kimarekani na mpira wa kikapu wa wanaume, kwa kuwa ndiyo michezo inayojaza viwanja. Riadha, kuogelea, tenisi na michezo mingi ya wasichana hubaki mlangoni ikingoja makombo.

Mfano mmoja watosha. Machi 2025, timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Saint Francis, chuo kidogo huko Pennsylvania, iliingia katika mashindano makubwa ya taifa. Siku chache baadaye, katika mwezi ule ule, chuo kilitangaza kuwa kitajitoa katika daraja la kwanza na kushuka hadi la tatu, ambako ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo hautolewi. Chuo hakikushindwa uwanjani. Kilishindwa na gharama za kushindana na wenye matajiri.

Na je, kijana wa Kiafrika amepata nini katika neema hii mpya? Wapo wanaong'ara. Doris Lemngole wa Kenya, akiichezea Alabama, alikuwa bingwa wa mbio za nyika za vyuo mwaka 2024. Hata hivyo mwanafunzi wa kigeni huingia Marekani kwa hati ya kusoma, na hati hiyo hubana sana kazi ya malipo. Mwenzake mzawa hutia sahihi mkataba wa matangazo pasipo shida, na yeye hulazimika kutafuta mwanasheria kwanza, asije akapoteza ruhusa ya kukaa nchini. Kadhalika, hakuna kanuni inayokidai chuo cha Marekani hata senti moja kwa ajili ya shule ya kijijini iliyomlea mkimbiaji huyo tangu akiwa hana viatu. Shule hiyo imo katika historia ya maisha yake. Katika hesabu za fedha haimo.

Hatusemi kuwa mfadhili ni adui. Uwanja wa riadha wa Hayward, mali ya Chuo Kikuu cha Oregon, ulijengwa upya kwa michango ya matajiri wakiongozwa na Phil Knight, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Nike, na mwaka 1922 ungekuwa ndoto. Mwaka 2022 ukawa uwanja wa mashindano ya riadha ya dunia. Mfadhili aliyejenga uwanja amewajengea hata wale ambao hajapata kuwaona. Mfadhili aliyemnunua mchezaji mmoja amejinunulia ushindi wa msimu mmoja. Wote wawili wametoa fedha. Tofauti ipo katika kinachobaki wao wakiisha kuondoka.

Sasa turejee kwetu. Vijana wetu hupitia UMITASHUMTA katika shule za msingi na UMISSETA katika sekondari, na wengi wa wachezaji mashuhuri wa nchi hii walianzia huko. Kwa mtoto wa delta, safari ya kufika kwenye mashindano hayo ni shindano la kwanza. Hana budi kungoja maji yajae ili chombo kitoke katika mikoko, avuke hadi Nyamisati, kisha atafute gari la Kibiti. Afikapo uwanjani, mwenzake wa bara amekwisha kupumzika na kupasha mwili moto. Michango ya wazazi haitoshi nauli, achilia mbali viatu. Katika hali hiyo, ajapo mtu na jezi kumi na nne na mipira miwili, hupokelewa kwa vigelegele, na si ajabu: mkono mtupu haulambwi.

Lakini wahenga walisema pia kwamba mtegemea cha ndugu hufa maskini. Jezi zenye jina la mgombea huchakaa uchaguzi ukipita. Kombe la mfadhili huisha siku mfadhili achokapo. Na liko jambo zito zaidi. Wapo watafuta vipaji wanaozunguka katika michezo ya shule na kuwachukua vijana kwa ahadi ya ada ya bure katika shule za mijini au nafasi katika vituo vya soka. Ahadi nyingi ni za mdomo. Mzazi hupewa mkono, mtoto hupewa begi, na mwalimu mkuu hupewa taarifa baada ya safari. Swali ambalo halijibiwi ni hili: goti la mtoto likivunjika katika mwezi wa tatu, ada itaendelea kulipwa? Nauli ya kumrudisha kwao iko kwa nani?

Katika mpira wa miguu, dunia imekwisha kuonyesha kuwa mlezi wa mwanzo aweza kukumbukwa. Kanuni za FIFA zaamuru kwamba mchezaji auzwapo kutoka klabu ya nchi moja kwenda ya nchi nyingine, asilimia 5 ya fedha za uhamisho igawiwe klabu zilizomfunza tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Lakini mgawo huo huzifikia klabu zilizosajiliwa na zenye kumbukumbu za wachezaji wao. Timu ya kijiji isiyo na daftari, isiyo na usajili, isiyo na tarehe ya siku kijana alipoanza kuichezea, haitapata kitu hata kama ilimlea miaka kumi. Kalamu na daftari si gharama kubwa. Hasara ya kutokuwa nazo ndiyo kubwa.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa Halmashauri za Rufiji, Kibiti na Mafia walitazame jambo hili kabla ya msimu ujao wa UMISSETA. Kwanza, mwanafunzi yeyote asiondolewe shuleni kwa ajili ya michezo bila mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili, uliotiwa sahihi na mzazi, Mkuu wa Shule na huyo amchukuaye, nakala ikabaki kwa Afisa Michezo wa Wilaya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamtambua aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto, na mtoto hapewi mkono sokoni kama pakacha la samaki. Mkataba huo useme wazi kwamba masomo yataendelea hata mwili ukishindwa kucheza.

Pili, fedha na vifaa vya wafadhili vipokewe na Bodi au Kamati ya Shule na kuandikwa katika vitabu vyake, wala visiishie mikononi mwa kocha. Sehemu ya kila mchango itengwe kwa michezo ya wasichana, na sehemu kwa nauli ya wanafunzi wa visiwani, ambao bila chombo hawawezi hata kuonekana. Tatu, timu za vijiji zisajiliwe, na kila moja iwe na daftari la wachezaji lenye majina, umri na tarehe.

Kwa wafadhili tunasema: karibuni, lakini jengeni kitakachobaki. Mfano upo katika mkoa wetu wenyewe wa Pwani. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, alipoacha mbio alianzisha shule zinazobeba jina lake, na moja ya hizo iko Kibaha. Kwa njia hiyo sifa ya mbio zake imegeuka kuwa madarasa.

Mkulima wa Rufiji hahitaji kufundishwa somo hili kwa mifano ya mbali. Tangu kale alijua kuwa mafuriko huchukua mpunga na huacha udongo wenye rutuba, na kwamba anayefaidi ni yule aliyeweka mbegu tayari kwa kilimo cha mlau maji yanapopungua. Fedha ya michezo nayo inapanda mto kuja kwetu. Wazazi, walimu na viongozi waandae mbegu yao mapema: mkataba, kitabu cha hesabu na daftari la majina.