Tusile mbegu: vya kupika na vya kutengeneza nyumbani masika yakianza

Mvua za kwanza zikianguka pande za Baraka, kila mtu anatafuta jembe. Kule milimani Fizi udongo umeshalainika, na huku chini kandokando ya Ziwa Tanganyika watu wanasafisha mashamba. Ni mwezi wa tisa, mwanzo wa msimu A. Lakini mwezi huo huo shule zinafunguliwa, madaftari na viatu vinatakiwa, na maharagi ya msimu uliopita yameisha. Kwenye kona ya nyumba umebaki mfuko mmoja tu: mbegu.

Sote tunaujua mfuko ule. Haufunguliwi siku moja ukaisha. Unafunguliwa kikombe kwa kikombe, jioni, watoto wakilia njaa. Tupige hesabu pamoja. Kikombe kimoja cha maharagi ni karibu gramu 200. Familia ikichota vikombe 2 kila siku, kwa siku 10 kilo 4 zimeenda. Kilo 4 za maharagi mafupi zingetosha kupanda kipande cha meta 20 kwa 25. Kipande hicho sasa kitalala bure mpaka msimu B, mwezi wa pili.

Hatumlaumu mama anayechota. Njaa siyo mchezo. Tunachosema ni hiki: kuna vitu vya kupika na kutengeneza kwa mikono yetu, kwa franka kidogo, vinavyoweza kuulinda mfuko ule. Tumechagua vinne.

Kwanza onyo moja. Mbegu zilizopakwa dawa, zile zenye rangi nyekundu au ya waridi, ni sumu. Usizipike hata ukiziosha mara tatu. Usiwape kuku. Mfuko wake usiweke unga.

Uji wa unga tatu

Chukua vikombe 3 vya mahindi, kikombe 1 cha soya na kikombe 1 cha karanga. Soya usiisage mbichi, maana ikiwa mbichi tumbo haliwezi kutumia vizuri nguvu yake. Ichemshe dakika 10, ianike ikauke kabisa, kisha ikaange mpaka inukie. Karanga kaanga pia, lakini kwanza zichague moja moja. Yenye ukungu au iliyosinyaa na kuwa nyeusi, tupa. Sumu ya ukungu huharibu maini, na moto wa jikoni hauimalizi.

Saga vyote pamoja, au twanga kwenye kinu na kuchekecha. Koroga unga kwanza katika maji baridi, ndipo umimine kwenye maji yanayochemka. Pika dakika 15 hadi 20 huku ukikoroga. Mtoto aliyetimiza miezi 6 anaweza kuanza kula uji huu huku akiendelea kunyonya. Mkulima naye akinywa bakuli moja asubuhi, jembe linakuwa jepesi. Saga unga kidogo kidogo, wa wiki mbili tu, kwa sababu mafuta ya karanga huharibika haraka wakati wa mvua.

Lenga-lenga ya mlangoni

Mboga hii ndiyo inayotuokoa kabla maharagi hayajazaa. Mwaga mbegu zake mvua ya kwanza, karibu na jikoni, fasi yenye majivu na mboji. Baada ya wiki 3 au 4 unaanza kuchuma. Usiing'oe yote. Kata juu, shina libaki, nayo itachipuka tena.

Kupika ni rahisi. Chemsha maji kidogo, tia lenga-lenga iliyooshwa na kukatwa, na kitunguu kama kipo. Osha ndagala kavu mkono mmoja, tia ndani. Changanya unga wa karanga vijiko 3 na maji, mimina, acha kwa moto mdogo dakika 10. Malizia na kijiko cha mawese na chumvi. Ukiwa na bugali, hiyo ni chakula kamili, na mfuko wa mbegu haujaguswa.

Jiko la udongo

Wako wengi kati yetu waliokaa kambi ya Nyarugusu, Tanzania, kisha wakavuka ziwa kwa boti kutoka Kigoma mpaka Baraka kuanzia mwaka 2005. Kama uliwahi kupikia jiko la udongo kule, ujuzi huo bado unao. Urudishe. Masika kuni ni mbichi, makala bei inapanda, na saa mama anazotumia kutafuta kuni ni saa zinazopotea kwa palizi.

Tafuta udongo wa kichuguu au wa mfinyanzi. Changanya na mchanga na majani makavu yaliyokatwa mafupi. Kanyaga kwa miguu mpaka ushikane. Ukifinya donge mkononi likapasuka, ongeza udongo wa mfinyanzi. Likinata sana, ongeza mchanga. Weka mafiga matatu, na sufuria unayotumia kila siku juu yake. Jenga ukuta kuzunguka, ukiacha nafasi ya kidole kimoja kati ya ukuta na sufuria. Hapo ndipo moto unapanda na kukumbatia sufuria, badala ya kukimbilia nje. Mbele acha mlango mmoja wa kuni.

Jiko likauke kivulini wiki 2 hadi 3, chini ya paa. Ukiwasha mapema litapasuka. Nyufa ndogo zipake udongo ule ule. Tumeona majiko yaliyobomoka mwezi mmoja tu, na karibu kila mara sababu ni moja: haraka.

Sabuni ya mawese

Mawese tunayo kwetu, lakini sabuni tunanunua ya mbali. Tena masika kandokando ya ziwa, kutoka Uvira mpaka Kalemie, kipindupindu kinatutembelea. Mtu mmoja akilala na kuhara wakati wa kupanda, wawili wanabaki nyumbani kumwangalia. Sabuni ni kifaa cha shamba kama jembe.

Kazi hii ifanywe na kikundi, si mtu peke yake, na watoto wakae mbali. Soda kostiki inachoma ngozi na kupofusha macho. Vaeni glavu, miwani, na nguo za mikono mirefu. Mkae nje, penye hewa.

Pimeni kwa mizani, msikadirie kwa macho: mawese kilo 1, soda gramu 130, maji safi mililita 350. Mimineni soda ndani ya maji, kidogo kidogo. Kamwe msimimine maji juu ya soda, itaruka. Tumieni ndoo ngumu ya plastiki, si sufuria ya alumini. Maji yatapata moto yenyewe, yaacheni yapoe. Yeyusheni mawese, nayo yapoe mpaka yawe vuguvugu. Kisha mimineni maji ya soda ndani ya mawese, mkikoroga kwa mti mpaka viwe vizito kama uji. Wekeni kwenye kisanduku cha mbao kilichotandikwa plastiki.

Kesho yake kateni vipande, glavu zikiwa mkononi. Visitumike bado. Vikae wiki 4 penye hewa. Kilo moja ya mawese inatoa vipande 12 hivi. Gawaneni vya nyumbani, vingine viuzwe sokoni, na pesa ziingie kwenye sanduku la mbegu. Mtu akirukiwa na soda, aoshwe kwa maji mengi safi dakika 20, kisha apelekwe kituo cha afya.

Tuanze wapi?

Tusianze na vyote vinne siku moja. Likelemba tunaijua: leo zamu yako, kesho zamu yangu. Tufanye likelemba ya mikono. Wiki hii wanachama watano wajenge jiko kwa mama mmoja, wiki ijayo kwa mwingine. Anayejua soya aonyeshe, mwenye mbegu za lenga-lenga agawe kiganja kimoja kimoja.

Na jambo la mwisho, halihitaji hata franka moja. Leo jioni, kabla ya kupika, gawa ulichonacho mara mbili. Mfuko wa jikoni ukae jikoni. Mfuko wa shamba ufungwe kamba na uwekwe fasi ya juu, au upelekwe kwenye ghala la kooperative wapimie na kuandika jina lako. Mikono ya njaa haitaufikia. Mwezi wa kumi na mbili, maharagi mapya yakiwa kwenye sufuria, tutakuwa tunakula mavuno, si mbegu.