Wembe, maski na vipele vya ndevu

Ndugu wengi wanatuuliza ku sendika: shefu anasema nyoa kila siku, juu maski ya vumbi haishike vizuri pa ndevu. Ni kweli, haishike. Lakini ndevu zetu sisi weusi zinajikunja. Ukizinyoa chini kabisa, zinarudi kuingia ndani ya ngozi, zinaleta vipele na usaha, na kesho wembe unapita tena pale pale. Kumwandikia mtu huyo barua ya azabu si haki.

Dawa ya kudumu iko, inaenda mara mbili. Kwanza leza: mwangaza wake unafuata weusi wa nywele na kuchoma mzizi, nywele zinapunguka sana. Kwa ngozi nyeusi muulize ile ya Nd:YAG, nanomita 1064. Zingine zinaweza kukuunguza. Musing'oe nywele mbele ya leza, kunyoa tu.

Kisha elektrolizi, kwa mvi ambazo leza haione. Wa Shituru na Luilu, njo ile ile munayotoleshea shaba! Sindano nyembamba kwa kila unywele, umeme kidogo, maji na chumvi ya mwili vinageuka soda, mzizi unakufa. Charles Michel, daktari wa macho wa St. Louis, Marekani, aliitumia 1875 kwa kope zinazochoma jicho. Inakawia. Mwenye ngozi ya kufanya makovu makubwa aseme mbele.

Ni bei kali kwa mushahara wetu. Kampuni inayolazimisha wembe ilipe. Na kwa kungojea, itoe maski za kofia zinazopuliza hewa, hizo hata mwenye ndevu anavaa. Mwenye vipele achukue karatasi ya muganga, kopi alete kwa delege wake.