Kuchaji Gari la Umeme Nyumbani: Mita ya Nani, Waya Gani?



Tumeletewa suala na wazee wa Unguja ambao kijana wao amehamia Arusha kikazi. Amepanga Sakina, amenunua Nissan Leaf iliyotumika kutoka Japani, na anataka kuweka chaja hapo anapokaa. Nyumba ina LUKU moja kwa wapangaji wote. Wanauliza anunue chaja gani, na kama kuna ubaya wowote katika jambo hilo.

Tutaanza na mita, kwani chaja ni jambo la dukani lakini mita ina haki za watu. Gari dogo kama hilo hula takriban uniti 15 hadi 17 kwa kilomita 100. Akiendesha kilomita 40 kwa siku, kwa siku 26 za mwezi atavuka uniti 150. Sasa TANESCO ina wateja wa matumizi madogo, wanaouziwa umeme kwa bei nafuu maadamu hawazidi uniti 75 kwa mwezi. Ikiwa nyumba hiyo imo katika daraja hilo, gari peke yake litaitoa. Bibi wa chumba cha pili mwenye taa mbili na redio atanunua umeme ghali kwa ajili ya gari asilolipanda. Kwa hiyo kusema "nitalipia uniti zangu" hakutoshi. Amewadhuru wenzake hata kama amelipa mpaka senti ya mwisho, na madhara ya jirani hayahalalishwi na stakabadhi.

Njia iliyo safi ni kuomba LUKU yake mwenyewe, kwa idhini ya mwenye nyumba. Hilo likishindikana, afunge mita ndogo ya ndani kwenye waya wa gari, wapangaji waone namba zake, naye alipe na ile tofauti ya bei aliyoisababisha, kwa ridhaa yao. Ama kuchepusha waya kabla ya mita, huo ni wizi, hata fundi akisema mtaa mzima wanafanya.

Tukija kwenye chaja, kijana asiangalie kasi kwanza. Aangalie tundu la gari. Leaf nyingi za Japani zina tundu la Taipu 1, na chaja nyingi za ukutani zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya zina kichwa cha Taipu 2. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la China nayo yana kichwa chao. Wapo watu wamenunua chaja ya ghali na haikuingia.

Waya unaokuja na gari kutoka Japani ni wa voti 200, na mara nyingi huvuta karibu ampea 15. Umeme wetu ni voti 230, na plagi yetu ya pini tatu ni ya ampea 13. Kukata plagi ya Kijapani na kufunga hii yetu ni kutafuta moto, na ekstensheni ya kupitisha dirishani ni mbaya zaidi, kwa sababu gari huvuta umeme saa nyingi mfululizo, si kama pasi.

Kwa mwendo wa kilomita 40, chaja ndogo ya ampea 10 inatosha. Hutoa kama kilowati 2.3, na saa tatu au nne za usiku humrejeshea alichotumia. Chaja ya ukutani ya ampea 32 hutoa kilowati 7 na zaidi, lakini nyumba nyingi za kupanga hazina nyaya za kuibeba, na Leaf nyingi za zamani haziwezi kupokea kiasi hicho. Tunaona ni israfu.

Hata hiyo ndogo itolewe waya wake peke yake kutoka kwenye bodi, wa shaba, wenye breka yake na kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampea 30. Fundi awe na leseni ya EWURA, na aipime ethi kwa kifaa. Udongo wa majivu ya volkano chini ya Mlima Meru hukauka sana kiangazi, na fimbo ya ethi iliyokuwa nzuri wakati wa masika huenda isifae mwezi wa Septemba.

Anayekaa juu, kama Ilboru, asijaze betri mpaka asilimia 100 kila usiku. Gari likiteremka kwenda mjini hurejesha umeme kidogo kwenye betri, na betri iliyojaa haina pa kuupokea.

Kwa mlio Unguja na Pemba, hesabu ya ampea ni ile ile, ila maombi hupelekwa ZECO. Hewa ya chumvi hula vichwa vya shaba na vibanio vya ethi, basi soketi ya nje iwe yenye kifuniko cha kuzuia maji, na vibanio vikaguliwe angalau kila mwaka.

Na Allaah Anajua zaidi.