Anahesabu chenji vizuri lakini hasomi? Huenda si mvivu

Shinyanga. Ukimtuma dukani anarudi na chenji kamili. Ng'ombe wa babu anawatambua mmoja mmoja kwa rangi na pembe. Lakini ukimfungulia kitabu cha darasa la pili, jasho linamtoka. Shuleni anaitwa mzito, nyumbani anaitwa mvivu.

Mtoto wa namna hii huenda ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika unaotokana na jinsi ubongo unavyounganisha sauti na herufi. Si upungufu wa akili, wala si matokeo ya malezi mabaya. Mara nyingi hurithiwa, hivyo uliza kama baba, shangazi au mjomba naye alihangaika na kusoma.

Tatizo hili si geni. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, William Pringle Morgan, aliandika kuhusu mvulana wa miaka 14 aliyekuwa mwerevu na aliyeweza hesabu, lakini kusoma kulimshinda.

Dalili za kuangalia

Kabla ya shule, mtoto anaweza kuchelewa kuongea, au kushindwa kushika majina ya rangi na siku za wiki.

Darasa la kwanza na la pili, anasahau leo silabi alizozijua jana. Kuchanganya b na d katika umri huu ni kawaida. Wasiwasi uanze hali ikiendelea baada ya hapo.

Kuanzia darasa la tatu, anasoma polepole mno, silabi kwa silabi, huku wenzake wakitiririka. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, hivyo anaweza kupatia maneno lakini akachoka kabla ya kumaliza sentensi. Maneno marefu kama "wanapokutana" na silabi kama "mbwa" na "nywe" humkwaza. Neno moja huliandika kwa namna tatu katika ukurasa mmoja. Ukimsomea wewe, anaelewa na kujibu vizuri.

Usikimbilie kuhitimisha

Si kila anayechelewa kusoma ana disleksia. Mtoto aliyekua akiongea Kisukuma pekee anahitaji muda wa kujifunza Kiswahili kwanza, na akiandika "lafiki" badala ya "rafiki" huenda anaandika anavyosikia. Wengine hawaoni ubao au hawasikii vizuri, na wengine waliugua malaria kali iliyofika kwenye ubongo. Anza kwa kumpima macho na masikio.

Gharama ya kuchelewa

Mtoto anayechapwa na kuchekwa kila siku hutafuta pa kukimbilia, na katika ukanda huu mialo ya dhahabu haiko mbali. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 ilieleza watoto wanaofanya kazi kwenye machimbo madogo Geita, Shinyanga na Mbeya, wakivuta vumbi na kushika zebaki, sumu inayodhuru ubongo. Aliyekuwa na shida ya kusoma tu anaongezewa nyingine.

Mzazi afanye nini?

Zungumza na mwalimu wa darasa, umweleze unachokiona nyumbani. Mkihitaji msaada zaidi, muulizeni afisa elimu maalumu wa halmashauri. Elimu maalumu si kwa wasioona au viziwi pekee.

Nyumbani, dakika 15 kila siku zinatosha. Mwache aandike silabi kwa kidole mchangani huku akiitamka kwa sauti. Cheza naye mchezo wa sauti: "Ng'ombe, ukiondoa ng'o, kinabaki nini?" Msomee hadithi, kisha naye akusimulie.

Fimbo haifundishi herufi. Msifu kwa anachokiweza, hata kama ni kuhesabu ng'ombe, na usimlinganishe na mdogo wake. Disleksia haiponi kwa dawa, lakini mtoto akifundishwa taratibu na kwa kurudiarudia, atasoma.