Makorongo mijini: watafiti wasema maji ya barabarani ndiyo yanayokula nyumba za Wakongo

Watu wapatao 118,600 walihamishwa makwao katika miji ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kati ya mwaka 2004 na 2023. Hawakukimbia vita. Walifukuzwa na makorongo, yaani yale mashimo marefu ambayo wakaaji wengi wanayaita kwa Kifaransa «érosion», na ambayo humeza nyumba, barabara na mashule kila musimu wa mvua.

Hesabu hiyo ilitolewa mwezi wa nane 2025 katika jarida la kisayansi Nature. Kazi iliongozwa na Guy Ilombe Mawe, mtafiti wa Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu (UOB), pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kinshasa na wa Ubelgiji, akiwemo Matthias Vanmaercke wa Chuo Kikuu cha Leuven.

Watafiti hao walipitia picha za satelaiti, mji kwa mji. Walihesabu makorongo 2,922 katika miji 26. Yakipangwa kwa mstari mmoja, urefu wake ni kilomita karibu 740. Kinshasa peke yake ina makorongo 868. Miji iliyojengwa juu ya mchanga, kama vile Kananga, Tshikapa na Kikwit, nayo imeguswa sana.

Jambo linalotia wasiwasi zaidi ni mwendo wa hali yenyewe. Kwa miaka yote 20 iliyochunguzwa, wastani wa wanaohamishwa haufiki watu 6,000 kwa mwaka. Lakini kati ya 2020 na 2023 umepita 12,200 kwa mwaka. Na wanaoishi mahali ambapo korongo linaweza kufika wameongezeka mara mbili: kutoka milioni 1.6 mwaka 2010 hadi milioni 3.2 mwaka 2023.

Korongo linazaliwa namna gani?

Wengi husema ni mvua, au ni mapenzi ya Mungu. Watafiti wanajibu kwamba mvua ilikuwapo tangu zamani, lakini picha zilizopigwa na ndege katika miaka ya 1950 zinaonyesha makorongo machache mno. Kilichobadilika ni mji.

Kilima chenye miti na majani hunywa sehemu kubwa ya maji ya mvua. Kilima kikijengwa, maji yanaangukia mabati, nyua zilizokanyagwa na barabara. Udongo hauyanywi tena. Yanatafuta njia, na njia ya karibu ni barabara. Kama barabara inashuka moja kwa moja bila mfereji, inageuka mto kwa saa moja au mbili. Pale mto huo unapotoka barabarani na kuangukia udongo ulio wazi, shimo linaanza.

Tangu hapo, korongo halikui tu kuelekea chini. Maji yanayoanguka yanachimba ukingo wa juu, ukingo unabomoka, na shimo linapanda kilima kidogo kidogo likifuata maji yanakotoka. Ndiyo maana familia iliyojenga juu, ikidhani iko salama, inaweza kuamka siku moja ikute korongo liko mlangoni.

Na huku Bukavu?

Bukavu haikujengwa juu ya mchanga kama Kinshasa, lakini maji yasiyoongozwa yanaleta hatari nyingine: kilima chenyewe kinateleza. Mtaa wa Funu, katika komini ya Kadutu, umekaa juu ya ardhi inayoshuka pole pole, na makumi ya maelfu ya watu wanaishi hapo.

Mwaka 2022, kundi la watafiti lililoongozwa na Antoine Dille, wa Jumba la Makumbusho la Afrika ya Kati huko Tervuren, Ubelgiji, lilichapisha katika jarida la Nature Geoscience uchunguzi wa mwendo wa kilima hicho kwa muda wa miaka 70 hivi. Walilinganisha picha za zamani za ndege na vipimo vya satelaiti vya siku hizi. Waliona kwamba sehemu za kilima zilianza kwenda mbio zaidi kadiri nyumba zilivyoongezeka. Wanadhani sababu kubwa ni namna mji ulivyobadilisha njia za maji: ya mvua yasiyo na pa kupita, na ya mabomba yanayovuja chini ya ardhi. Ardhi ikisogea, mabomba yanapasuka. Yakipasuka, ardhi inalowa na kusogea tena.

Kuzuia ni rahisi kuliko kuponya

Kusimamisha korongo moja kubwa kunaweza kugharimu zaidi ya dola milioni moja. Mifuko ya mchanga, takataka na mianzi ambayo wakaaji wanaweka kwa nguvu zao mara nyingi haitoshi kama maji bado yanashuka kwa njia ile ile.

Kwa hiyo, watafiti wanashauri kazi ianze kabla ya shimo kuonekana: barabara isifunguliwe bila mfereji, mfereji ufike mpaka bondeni au mtoni bila kuishia njiani, na viwanja visigawanywe kwenye miteremko mikali. Kwa upande wake, familia inaweza kukinga maji ya mabati katika pipa au kisima, na kutotupa takataka mferejini.

Lakini jirani mmoja hawezi kuzuia maji ya mtaa mzima. Mifereji mikubwa na mpango wa mji ni kazi ya serikali na ya wakubwa wa miji. Ramani ya makorongo 2,922 sasa iko, na inaonyesha ni mitaa gani isingoje musimu wa mvua unaokuja.