Udongo wa Gulwe waenda baharini, nani amlipe mkulima?

Mweleze mkulima wa Gulwe, wilayani Mpwapwa, kwamba anahusika na mkataba wa kimataifa wa kulinda bahari, atakucheka. Bahari iko mbali. Yeye anawaza mchanga ulioletwa na mafuriko ukafunika shamba la karanga.

Lakini mto Kinyasungwe unaopita hapo huteremka hadi Kilosa, ambako huitwa Mkondoa, kisha huwa Wami na kuingia Bahari ya Hindi kwenye Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Udongo mwingi hubaki njiani, hasa tambarare ya Mkata. Ule mwepesi husafiri hadi kwenye mikoko, ambako kamba wachanga hukulia.

Nchi 10 za magharibi mwa bahari hiyo, Tanzania ikiwamo, zina Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985 ulioanza kutumika 1996. Machi 2010 zilipitisha itifaki kuhusu uchafuzi utokao nchi kavu. Hapo ndipo tope la mashambani linapoingia katika hesabu, pamoja na majitaka ya miji na viwanda.

Ukubwa wa tatizo ulipimwa zamani, tena hapo hapo Mpwapwa. Majaribio ya miaka ya 1930 yalionyesha kuwa ardhi tupu hupoteza takriban tani 146 za udongo kwa hekta kwa mwaka, iliyolimwa nafaka tani 78, na yenye majani karibu sifuri. Tangu 1973 mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulichimba makingamaji na kupanda miti. Dawa inajulikana, basi.

Kinachokwamisha ni nani anabeba gharama. Matuta huchimbwa kiangazi, wakati ambapo mkulima wa hapa, mwenye msimu mmoja tu wa mvua, hutafuta kibarua ili familia ile. Akichimba anakosa ujira. Anayenufaika zaidi yuko chini ya mto: mvuvi, na kabla yake, reli. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu njia ya reli kati ya Kilosa na Gulwe, na safari zikasimama kwa miezi.

Milimani Uluguru, mwishoni mwa miaka ya 2000, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango ambao watumiaji wa maji ya Ruvu, wakiwamo DAWASCO na Coca-Cola Kwanza, walichangia malipo kwa wakulima waliotengeneza matuta na kupanda miti. Fedha hazikuwa nyingi, ila kanuni ilikuwa sahihi.

Kwa maoni yangu Gulwe ianze na reli, si na bahari. Wavuvi wa Saadani hawana ankara ya kumtumia mtu, na serikali 10 huchukua miaka kukubaliana. Reli ina bajeti ya matengenezo kila mwaka. Sehemu yake ikilipia matuta na majani ya malisho kwenye miteremko ya juu, kwa kipimo cha mita zilizochimbwa na kukaguliwa na kijiji, mkulima atabaki nyumbani kiangazi, naye kamba atapata maji safi bila kuchangia hata senti.